Kubebwa Si Kukaribishwa: Kulifungua Kanisa kwa Watu Wenye Ulemavu

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza, pamoja na wachungaji, mapadri, wazee wa kanisa na wahudumu wa makusanyiko yao. Linaeleza ulemavu ni nini mbele ya sheria, vikwazo gani humzuia mtu asifike au asishiriki ibada, hatua zipi kusanyiko linaweza kuzichukua, na namna familia inavyoweza kuomba marekebisho bila kuona haya. Kanisa ndilo linalotajwa, lakini mengi ya yaliyomo yanauhusu pia msikiti na ukumbi wowote wa jumuiya.

Kwa nini idara ya afya izungumzie kanisa

Kwa familia nyingi zilizohamia ugenini, kanisa si mahali pa sala pekee. Hapo ndipo habari za nyumbani zinapopatikana, msiba unapoliliwa kwa pamoja, mgeni anapoelekezwa kazi na shule, na mzee anaposikia lugha yake ikizungumzwa na watu wengi kwa mara moja. Anayekosa Jumapili hakosi mahubiri tu. Anakosa wiki nzima ya watu.

Upweke wa muda mrefu huambatana na sonona, maradhi ya moyo na kudhoofika kwa kumbukumbu. Tena haumpati mtu mmoja peke yake. Mama akibaki nyumbani kwa sababu ya ngazi, binti anayemtunza hubaki naye. Mtoto mwenye usonji akikatazwa kupiga kelele ibadani, wazazi wake hukoma kuja. Hivyo kikwazo kimoja mlangoni huweza kuitenga nyumba nzima.

Kubebwa si kukaribishwa

Makusanyiko mengi ya Waswahili nchini humu hayana majengo yao. Hukodi ukumbi wa shule, au huazima kanisa la wenyeji kwa saa za alasiri. Mara nyingi mlangoni pana ngazi tatu au nne, na jawabu la kawaida ni moja: vijana wanne wenye nguvu hukiinua kiti cha magurudumu pamoja na aliyekikalia. Hufanya hivyo kwa upendo, wala upendo huo haupaswi kudharauliwa. Hata hivyo, una gharama tatu ambazo wabebaji hawazioni.

Ya kwanza ni hatari. Mguu mmoja ukiteleza kwenye jiwe lililolowa mvua, anayebebwa huanguka bila njia ya kujikinga, na anayebeba huumia mgongo. Ya pili ni uhuru. Anayebebwa hafiki saa aitakayo wala haondoki saa aitakayo. Husubiri vijana wapatikane. Ya tatu ni heshima. Wapo kina mama ambao hawanywi hata chai tangu alfajiri ya Jumapili, ili wasije wakalazimika kuomba kubebwa kwenda msalani mbele ya watu. Mwishowe mama husema, "Niacheni wanangu, nitasali hapa hapa nyumbani." Watu hudhani kuwa ni uchovu wa uzee unaosema, kumbe ni zile ngazi.

Wakristo wengi wanaijua habari iliyomo katika Injili ya Marko, sura ya 2, ya mtu aliyepooza ambaye wenzake wanne walimshusha kupitia darini. Wanne hao husifiwa, na wanastahili sifa. Lakini habari hiyohiyo inaeleza kwa nini walilazimika kulitoboa dari: umati ulikuwa umeuziba mlango. Kusanyiko linaloisoma habari hiyo lingefanya vyema kujiuliza linafanana na nani zaidi, wale wanne au ule umati.

Ulemavu ni nini

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland, inamhesabu mtu kuwa na ulemavu iwapo ana hitilafu ya mwili au ya akili inayopunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kufanya shughuli za kila siku, na ambayo imedumu au inatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Saratani na maambukizi ya virusi vya UKIMWI huhesabiwa tangu siku ya kugunduliwa. Ulinzi wa sheria hii haumhusu raia peke yake. Humfikia pia mhamiaji.

Kutokana na maelezo hayo, ulemavu si kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe tu. Kifafa, selimundu, usonji, sonona ya muda mrefu, maradhi ya kusahau ya uzeeni na uoni hafifu wa mtu mwenye ualbino vyote vinaweza kuingia humo, ingawa mwenye hali hiyo anaweza kukaa benchini bila jirani yake kutambua lolote.

Maneno nayo yana uzito. Majina kama "zezeta", "taahira" na "kiwete" huumiza, na hayafai mimbarini wala jikoni. Msemo "mtu mwenye ulemavu" humtanguliza mtu kabla ya hali yake. Hata hivyo, si kila neno la zamani limekataliwa na wahusika: nchini Tanzania chama cha viziwi kinalitumia neno hilo katika jina lake. Njia salama ni kumuuliza mtu anavyopenda kuitwa.

Wajibu wa kanisa mbele ya sheria

Kanisa linalofungua milango yake kwa umma lina wajibu wa kufanya marekebisho ya kadiri, na haliondolewi katika wajibu huo kwa kuwa ni nyumba ya ibada. Marekebisho hayo ni ya aina tatu: kubadili utaratibu, kuondoa kikwazo cha jengo au kutafuta njia ya kukikwepa, na kuleta kifaa au huduma ya kusaidia. Wajibu huu ni wa kutazamia mbele. Kanisa halipaswi kungoja mpaka mwenye ulemavu afike na kukwama ndipo lianze kufikiri.

"Kadiri" maana yake ni kwamba kipimo huangalia gharama, uwezo wa kusanyiko, uwezekano wa kazi yenyewe na manufaa yatakayopatikana. Kusanyiko la watu 40 halitarajiwi kujenga lifti, lakini linaweza kuhamisha ibada ya wiki kutoka chumba cha juu kwenda cha chini. Jambo moja halina utata: anayehitaji marekebisho hapaswi kutozwa gharama zake.

Kusanyiko lililopanga jengo linaweza kumwomba mwenye jengo ruhusa ya kulirekebisha, naye hapaswi kukataa bila sababu ya haki. Majengo ya kale yanayolindwa kisheria huhitaji kibali kabla ya kubadilishwa, na hapo rampu ya kubebeka, inayowekwa na kuondolewa, huweza kuwa suluhisho la haraka. Kanisa ambalo ni taasisi ya hisani lina pia nafuu ya kodi: kazi ya kujenga rampu, au kupanua milango na njia za ndani ili mwenye ulemavu apite, inaweza kutotozwa VAT. Mweka hazina amuulize mkandarasi jambo hili kabla ya malipo.

Kutoka barabarani hadi madhabahuni

Njia bora ya kulikagua kanisa ni kuifuata safari nzima ya mwabudu, tangu anaposhuka garini hadi anaporudi, akiwepo mwenye ulemavu ambaye yuko tayari kusema anachokiona.

*Maegesho na mlango.* Nafasi iliyo karibu zaidi na mlango iachwe kwa mwenye kibali cha buluu cha maegesho, ambacho huombwa katika halmashauri. Mchungaji naye aegeshe mbali. Iwapo mlango usio na ngazi uko nyuma ya jengo, kibao kiuelekeze, ufunguliwe kabla ya ibada, na pawepo mtu wa kupokea wageni hapo kama ilivyo mlango mkuu.

*Rampu.* Ubao uliolazwa juu ya ngazi si rampu. Mwongozo wa ujenzi wa England unaelekeza kwamba kimo kinavyoongezeka, mteremko uwe mpole zaidi. Ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 huhitaji rampu ya takriban mita 1.8. Ngazi tatu za kimo hicho, yaani sentimita 45, huhitaji karibu mita 9. Rampu iliyo fupi kuliko hapo huweza kukirudisha kiti nyuma kwa kasi au kukipindua.

*Mahali pa kukaa.* Viti vichache viondolewe katikati ya safu, si nyuma wala pembeni pekee, ili anayetumia kiti cha magurudumu akae na familia yake. Kiti hicho huhitaji nafasi ya duara lenye kipenyo cha mita 1.5 ili kigeuke. Tangazo la "tusimame sote" linaweza kuwa "wanaoweza na wasimame". Ni maneno machache, lakini humwondolea mtu hisia kwamba amekaidi.

*Kusikia.* Msemaji atumie kipaza sauti kila mara, hata akiamini kuwa sauti yake inatosha. Kumbi nyingi zina waya maalumu unaopeleka sauti ya kipaza sauti moja kwa moja ndani ya kifaa cha kusaidia kusikia. Alama yake ni sikio lenye herufi T. Mara nyingi waya huo upo lakini haukuwashwa, kwa kuwa kusanyiko la alasiri halikuambiwa. Inafaa kumuuliza mwenye ukumbi.

Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, tahadhari moja ni muhimu. Lugha za alama si moja duniani. Aliyesoma shule ya viziwi Kenya au Tanzania amezoea kutaja herufi kwa mkono mmoja, ilhali Lugha ya Alama ya Uingereza hutumia mikono miwili. Mkalimani asiajiriwe kabla ya kiziwi mwenyewe kuulizwa ni lugha ipi anayoielewa.

*Kuona.* Nyimbo na masomo yachapishwe nakala chache kwa herufi kubwa, za ukubwa wa 16 hadi 18, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Mtu mwenye ualbino atafutiwe nafasi ya mbele isiyoelekea mwanga wa dirisha. Anayesoma maandishi ya nukta nundu, au anayesikiliza kwa simu, apelekewe masomo siku moja kabla. Anayemwongoza asiyeona hamvuti mkono. Humpa kiwiko chake akishike.

*Msalani.* Choo cha watu wenye ulemavu kisigeuzwe stoo ya viti na ngoma. Kamba nyekundu ya kuomba msaada iachwe ining'inie hadi karibu na sakafu. Anayeifunga juu ili isimkere anapofagia humnyima msaada mtu aliyeanguka, kwa maana aliyeanguka yuko chini.

*Moto.* Sheria ya usalama wa moto ya mwaka 2005, kwa England na Wales, inamtaka msimamizi wa jengo awe na mpango wa kumtoa kila mtu. Mpango huo hauwezi kuwa kuwasubiri wazima moto. Kila asiyeweza kushuka ngazi peke yake awe na watu wawili waliotajwa kwa majina watakaomsaidia, nao waifanyie mazoezi kazi hiyo pamoja naye.

*Kuhudumu.* Hatua ya mwisho husahauliwa kuliko zote. Mwenye ulemavu hakuja kupokea tu. Anaweza kuimba kwaya, kusoma somo, kuhesabu sadaka, kufundisha watoto na kuketi katika baraza la wazee. Ikiwa mimbari ina ngazi, kipaza sauti kinaweza kushuka. Kanisa lililojaa rampu lakini lisilo na mwenye ulemavu hata mmoja katika uongozi wake bado halijamkaribisha. Limemruhusu tu kuingia.

Hali zisizoonekana

*Usonji.* Ngoma, spika na makofi vinaweza kumuumiza mtoto mwenye usonji kama jua kali linavyoumiza macho. Familia ielezwe mapema mpangilio wa ibada, iruhusiwe kutumia vizuia sauti vya masikioni, na kipatikane chumba kidogo cha utulivu chenye mlango wazi. Mtoto anayepiga kelele hakukosa malezi, na mzazi wake hahitaji macho ya watu, anahitaji mtu wa kumwambia, "Pole mama, karibu, chumba kiko hapa."

*Selimundu.* Baridi, kiu na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali. Ukumbi upashwe joto kabla ya ibada, na mgonjwa aruhusiwe kunywa maji wakati wowote. Kesha na mfungo vizungumzwe kwanza na daktari. Ubatizo wa kuzamishwa usifanywe kwa maji baridi. Maji yapashwe moto, na nguo kavu ziwe tayari.

*Kifafa.* Mtu akianguka kwa kifafa, vitu vigumu viondolewe karibu naye na kichwa chake kiwekewe kitu laini. Asibanwe, wala asitiwe kijiko au kidole mdomoni. Mtu mmoja aangalie saa. Mitetemeko ikikoma, alazwe ubavu na asiachwe peke yake. Namba 999 ipigwe iwapo mitetemeko imezidi dakika 5, kifafa kimempata kwa mara ya kwanza, ameumia, anapumua kwa shida, au kifafa cha pili kimeanza kabla hajapata fahamu.

Viziwi nao wana njia ya kuomba msaada wa dharura. Tangu mwaka 2022 wanaweza kuifikia huduma ya 999 kwa video, kwa Lugha ya Alama ya Uingereza. Pia mtu anaweza kutuma neno "register" kwenda 999 ili simu yake isajiliwe kwa huduma ya ujumbe mfupi; inafaa kufanya hivyo kabla ya siku ya dharura.

Maombi, uponyaji na dawa

Kuombewa ni haki ya anayetaka kuombewa. Lakini mtu mwenye ulemavu huweza kuingia kanisani mwaka mzima bila kuulizwa jina lake, huku kila Jumapili mikono ikiwekwa juu ya miguu yake. Kabla ya kumwombea, aulizwe kama anataka, na aulizwe anataka kuombewa nini. Huenda anachohitaji ni kazi, au mtoto wake afaulu mtihani.

Ulemavu hautokani na laana, uchawi wala dhambi ya mzazi, na kuyasema hayo mbele ya mtoto ni kumdhuru. Vilevile hakuna mtu anayepaswa kuamriwa aache dawa ili athibitishe imani yake. Kuacha ghafla dawa za kifafa kunaweza kuleta mitetemeko isiyokoma na hata kifo. Kuacha dawa za kufubaza virusi huvipa virusi nafasi ya kuongezeka tena. Anayeamini kuwa amepona amwone daktari wake, apimwe, kisha mabadiliko yoyote ya dawa yafanywe na daktari.

Jinsi familia inavyoweza kuomba marekebisho

Familia nyingi hukaa kimya kwa kuogopa kuonekana wasumbufu au wasio na shukrani. Ombi lililo wazi si usumbufu. Hulipunguzia kanisa kazi ya kubahatisha. Kwanza mwenye ulemavu mwenyewe aulizwe anataka nini, hata akiwa mtoto au mzee anayesahausahau. Kisha ujumbe mfupi upelekwe kwa maandishi. Kwa mfano:

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Mama yetu sasa anatumia kiti cha magurudumu na angependa kurudi ibadani. Ngazi za mlangoni zinamzuia, na hapendi kubebwa. Tunaomba kanisa litafute rampu ya kubebeka, au mlango wa nyuma ufunguliwe. Tuko tayari kuja kupima pamoja na wazee siku mtakayotaja. Asante, tunasubiri jibu lako."

Ujumbe huo una mambo manne: hitaji, kikwazo, pendekezo na siku ya kukutana. Jibu likichelewa, familia iandike kwa baraza la wazee, kisha kwa uongozi wa juu wa dhehebu. Ikishindikana, Citizens Advice na Equality Advisory and Support Service hutoa ushauri bila malipo, na familia inaweza kuomba mkalimani.

Anayemtunza ndugu yake bila malipo naye asisahauliwe. Nchini England, Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inampa mtu mzima anayemtunza mtu mzima mwenzake haki ya kuomba halmashauri itathmini mahitaji yake. Kusanyiko nalo linaweza kumpa saa mbili za kupumzika kila wiki kwa kupanga zamu.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya

1. Ni nani alikuwa akija kanisani miaka iliyopita na sasa haji tena? Kuna aliyemuuliza sababu?
2. Je, mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuingia, kwenda msalani na kutoka bila kumwomba mtu ambebe?
3. Moto ukizuka wakati wa sala, ni watu gani wawili watakaomsaidia kila asiyeweza kushuka ngazi?
4. Je, wahudumu wa mlangoni wanajua la kufanya mtu akipatwa na kifafa?
5. Ni kazi gani ya kanisa imekabidhiwa mtu mwenye ulemavu mwaka huu?

Si lazima yote yatimizwe kwa siku moja. Kusanyiko lichague jambo moja litakalokamilika ndani ya wiki mbili, kama vile kukifungua choo kilichojaa viti au kuchapisha nyimbo kwa herufi kubwa. Kisha mtu aende nyumbani kwa yule aliyeacha kuja, amwambie kilichobadilika, na amuulize ni kipi kingine kinachomzuia.

Kwa ushauri wa kiafya usio wa dharura ipigwe namba 111. Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili aseme hivyo mwanzoni mwa simu. Huduma hiyo haina malipo.